Kiuno Hakitozwi Kodi

Chanika ya ujana wangu, kule Handeni, mtu akikuambia umenenepa alikuwa anakusifu, na akikuambia umekonda alikuwa anakupa pole. Neno la katikati halikuwepo. Mama Mpishi ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akiyakataa yote mawili, na aliyakataa kwa sauti, kisimani, mbele za watu, mtungi ukiwa kichwani.

Jina alikuwa nalo. Mimi nilimwita kama wote walivyomwita, kwa kuwa hapakuwa na harusi wala hitima kuanzia kwetu mpaka upande wa Kabuku iliyopikwa bila yeye kusimama juu ya sufuria. Alikuwa mwanamke mkubwa. Mlango wa nyumba yetu aliupita kwa ubavu, na kwenye shughuli alikwenda na kigoda chake mwenyewe, maana vya watu alikwisha kuvivunja. Watu walimpenda hivyo. Walisema mpishi mwembamba ni dalili ya chakula kibaya.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Niliolewa Chanika nikiwa mwembamba kama ufito, na mama mkwe wangu aliuchukua wembamba ule kuwa tusi lililotumwa na wazazi wangu. Kila asubuhi alinisimamia ninywe uji wa mtama uliotiwa samli ya Wamasai, kibuyu kizima, mpaka leo harufu ya samli nikiisikia natafuta mlango. Basi mimi nalazimishwa kula, na ng'ambo ya ua jirani yangu Mama Mpishi anajikataza kula. Tungeachaje kuwa marafiki? Uji wangu uliruka ua kwenda kwa kuku wake, na kuna siku nyingi sahani yake iliruka kuja kwangu. "Kula wewe mwenye nafasi," aliniambia. "Kwangu pamejaa."

Sababu ya kujikataza ilikuwa moja, na nitaisema mapema msije mkadhani ni urembo. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa milimani, juu ya Kerenge, kwa Washambaa. Mtoto wa kwanza wa binti huyo alifariki angali ananyonya. Habari ilipofika Handeni, Mama Mpishi alijifunga kaniki akaondoka siku ileile na ndugu zake. Walifika Korogwe, wakavuka mto, wakafika Kerenge. Mlima ndio uliomshinda. Magoti yalikataa, pumzi ikakataa, akakaa chini njiani akilia. Ndugu zake walitafuta wapagazi wa machela, kile kitanda cha nguo kinachoning'inizwa kwenye mti, ambacho Wadachi, wale Wajerumani waliotutawala, walipenda kubebewa wakiwa safarini. Wapagazi walimtazama, wakatazamana, wakasema kushuka naye wataweza, kupanda naye hapana.

Wakamshusha. Na kwa kuwa mpagazi hafanyi kazi bila wimbo, walimtungia wimbo njiani, wa gunia la chumvi lililopelekwa sokoni likakosa mnunuzi. Aliusikia wote, kutoka mlimani mpaka Kerenge, akiwa amejifunika uso.

Kwetu mfiwa hatoki kwenda kuhaniwa. Anayehani ndiye humfuata alipo. Hilo hata mtoto analijua. Binti alikaa akingoja mama yake aingie uani, na walioingia walikuwa mama za watu wengine. Baadaye akatuma maneno mafupi: "Mwambieni mama nimeshazika. Asijisumbue." Hakutuma tena salamu, wala hakushuka. Sasa Mama Mpishi angetaja kitu kingine chochote kwa mzaha, lakini neno hilo "asijisumbue" lilimtoa machozi ya hasira. "Mimi nisijisumbue? Nani wa kusumbuka kwa ajili yake kama si mimi?" Akaapa atapanda mlima ule kwa miguu yake, na machela hataingia tena. "Nimebakiza kubebwa mara moja tu," alisema, "na siku hiyo sitasikia wanaimba nini."

Alianza kama wengi wetu tungeanza, kwa kufunga. Jumatatu na Alhamisi za sunna, kisha Ramadhani yenyewe. Kutoka alfajiri mpaka magharibi hakugusa kitu. Kutoka magharibi mpaka daku hakuacha kitu. Muhogo wa futari, uji, tambi za jirani, tende za mtu aliyetoka Pangani, vyote alivipokea kwa bismillahi. Mwezi ulipoandama, shanga zake za kiunoni zilikuwa zimembana hata uzi umechora mstari kwenye ngozi. Nilikuwepo alipouona mstari ule, tukiwa tunaoga mtoni. Aliutazama, kisha akaanza kucheka, na mimi nikacheka, na wanawake wa chini ya mto wakatuuliza tumeona nini.

Shanga hizo ndizo zilizokuwa kipimo chake. Wanawake wengine uzi ukibana huukata na kuutunga upya kwa urefu mpya. Yeye alikataa. "Uzi sikati," alisema. "Nikiukata nimeufuata mwili. Uache ukae hapohapo, mwili ndio uje." Na mwili ulikuja, ukaenda, ukaja. Wakati wa kiangazi shanga zilishuka hadi nyongani zikawa zinalia akitembea. Yakifika mavuno na harusi zake, zilipanda zikanyamaza. Tulikuwa tunajua hali yake kabla hajafungua mdomo, kwa kusikiliza tu. Akija kimya, hatukuuliza.

Watu walimwambia haba na haba hujaza kibaba, wakimtia moyo aendelee kula. Aliwajibu kwamba kibaba kilichojazwa kwa haba hupunguzwa kwa haba vilevile, na kwamba yeye hana haraka, mlima hauhami. Nilipenda sana kumsikia akizigeuza methali za watu na kuwarudishia.

Adui yake mkubwa alikuwa kazi yake. Mpishi lazima aonje. Akajaribu kuonja na kutema: anaweka tone la mchuzi kwenye kiganja, analamba, anageuka kando na kutema. Kwenye harusi moja upande wa bwana harusi walimwona. Mpishi anatema chakula cha harusi! Minong'ono ikazunguka ukumbi mzima wa makuti, na mzee mmoja akakataa kula mpaka Mama Mpishi aketi mbele yake amalize sahani nzima. Alikula, kwa hasira, na akaongeza. Kisha akaamua kwamba mwonjaji niwe mimi, kwa kuwa mimi chakula hakinidhuru. Shida ni kwamba ulimi wangu ulikwisha kuuawa na samli. Wali wa kwanza nilioupitisha ulikuwa na chumvi ya kuvunja mwamba, na wageni walikunywa maji mpaka mitungi ikakauka. Nikaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Sasa niseme habari ya kisomo, ambayo Chanika ya wakati ule iliicheka kwa miaka.

Kiangazi kimoja alipungua kwelikweli. Mashavu yaliingia, shanga zinalia. Badala ya kumpongeza, mji uliingiwa na hofu. Wale wakubwa walikumbuka njaa ya nzige, walipokula mizizi ya porini na kuzika watu kila siku, na kwao mtu kujikondesha kwa hiari ilikuwa ni kuikaribisha njaa mlangoni. Wengine walisema amerogwa. Wengine walimgeukia mumewe, mrina asali, mtu mpole aliyeongea zaidi na nyuki kuliko na watu, wakamuuliza kwa nini hamlishi mkewe. "Mimi nilimposa akiwa mwembamba," aliwajibu. "Huyu mnene nililetewa na Mungu, na Mungu akimpunguza sina la kusema." Jibu hilo lilimzidishia lawama.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekipanga. Kisomo cha kumwombea mgonjwa: mwalimu wa chuo cha Kurani, wanafunzi wake wakubwa, mbuzi na wali. Na wali wa watu wengi Chanika unapikwa na nani? Wakaenda kumwita Mama Mpishi aje apike, bila kumwambia mgonjwa ni nani. Naapa hakuna aliyeliona kosa hilo, hata mimi niliyekuwa namenya vitunguu. Alipika tangu alfajiri, akachinjiwa mbuzi, akakaripia watu juu ya kuni mbichi. Adhuhuri mwalimu akainua mikono, akaomba Mungu ampe shifaa, amrudishie mwili wake, na akataja jina.

Mama Mpishi akatoka jikoni, upawa mkononi.

"Nani mgonjwa?"

Mama mkwe wangu akajitia ujasiri. "Wewe, mwenzetu. Umekonda. Tumeona tusikae kimya."

"Mimi? Nimeinua masufuria mawili peke yangu tangu asubuhi, mimi ndiye mgonjwa?" Akawaelekezea upawa mmoja mmoja. "Nisikilizeni. Sikukonda. Mtu hukonda kwa kitu kilichomjia bila kukiita. Mimi najipunguza, kwa mikono yangu, kama mtu anavyopalilia shamba. Mkiniona nimepungua msinipe pole, na mkiniona nimezidi msinisifu. Nina mwanangu mlimani. Dua nazipokea, niombeeni magoti. Mbuzi mleni nyinyi."

Watu wakasema amina, kwa woga zaidi kuliko imani. Nilijivunia mno, machozi yalinitoka. Na baada ya hotuba ile, mbele ya macho yetu, alikaa kwenye kigoda chake akala sahani mbili za mbuzi yule. Nilipomtazama akasema, "Si wa kisomo changu? Mwenye shughuli hali?" Wiki iliyofuata alipita kisimani shanga zikiwa kimya. "Kuteleza si kuanguka," alisema kabla hatujasema lolote.

Habari ya kisomo ilifika mpaka bomani. Akida, mkuu wa eneo aliyewekwa na Wadachi, alimwita mume na mke. Alikuwa na wasiwasi wake wa kikazi: Bwana Mkubwa wa Kidachi alikuwa amezoea kumwona mpishi mkubwa kwenye sikukuu ya Kaizari, na akimwona amesinyaa atauliza kama Handeni kuna njaa iliyofichwa. Akida alimwamuru mume amlishe mkewe ipasavyo. Mume aliinamisha kichwa. Mke hakuinamisha.

"Akida, kodi yenu tunalipa?"

"Mnalipa."

"Mmeandika kodi ya nyumba. Kiuno hamkukiandika. Kiuno hakitozwi kodi. Basi kiacheni."

Mumewe alituambia kwamba alipokuwa akisema vile yeye alikuwa anahesabu viboko kichwani. Lakini akida alikuwa amekula wali wake kwenye harusi zake zote tatu, na kiangazi kile alitaka kuoa mara ya nne. Akawafukuza tu. Tangu hapo maneno yale yakawa msemo wa wanawake wa Chanika. Mume akimuuliza mkewe amekula nini, amekwenda wapi, kwa nini amenuna, jibu ni hilo.

Msidhani alikuwa mtu wa msimamo mmoja. Alijikataza wali na wakati huohuo hakuvumilia kuona mtu mwingine anabakiza. Alitia samli kwenye vyungu vya watu kama maji. Kwenye ngoma za wanawake aliutikisa mwili uleule aliokuwa anaupiga vita, na akishangiliwa alizidisha. Ukimwambia amepungua alikasirika, ukimwambia amezidi alikasirika, usipomwambia kitu alikuuliza huna macho. Na palikuwa na kibuyu cha asali ya mumewe, nyuma ya mlango, alichokiita dawa ya kifua. Kifua kile kilikuwa kinamuuma sana, hasa akitoka harusini bila kula.

Tulikwenda naye Korogwe mara moja, wakati reli imekwisha kuzoeleka, kununua vyombo. Karibu na stesheni alikuwepo mnunuzi wa pamba na mizani yake kubwa. Mama Mpishi alikuwa na mwezi mzuri, shanga zimelegea, akataka kuona faida yake kwa mizani ya haki. Akapanda. Mnunuzi akaongeza mawe, akaongeza, wakulima wakakusanyika, na uzito uliosomwa ulikuwa mkubwa kuliko ule aliowahi kuusoma hapohapo mwaka uliotangulia. Watu wakapasuka kwa kicheko. Niliona aibu kwa niaba yake, nikatamani garimoshi lipite lifunike sauti. Yeye akashuka polepole.

"Ajabu," alimwambia yule mnunuzi. "Pamba ya hawa mizani yako huiona nyepesi kila siku. Mimi peke yangu ndiye umeniona mzito."

Kicheko kikageuka upande. Njiani kurudi, hata hivyo, alitembea ameshika shanga zake kiunoni. Kisha akaniuliza, shanga zinasema kweli au mizani inasema kweli? Akajijibu mwenyewe kwamba vyote viwili havijamwona binti yake, hivyo havina haki ya kumpangia.

Maana kila mwaka, baada ya mavuno, kabla ya mvua, alikwenda kuujaribu mlima. Hilo watu wengi hawakulijua. Walidhani anakwenda Korogwe kwa ndugu. Mara ya kwanza alifika kijito cha kwanza akarudi. Mara ya pili alikivuka kijito, akafika kwenye jiwe ambapo wachukuzi hupumzisha mizigo. Tukafurahi, tukaona mwaka ujao amefika. Mwaka uliofuata alikuwa mwepesi kuliko nilivyopata kumwona, na hata kijitoni hakufika. Kizunguzungu kilimwangusha. Alikuwa amejinyima hata akapanda na tumbo tupu.

Aliporudi nilimkuta jikoni kwake amekaa gizani mchana. Hapo ndipo pekee nilipomwona ameshindwa. "Nilipunguza mwili," aliniambia, "nikapunguza na miguu." Nilimwambia aache, binti mwenyewe alisema asijisumbue. Alinitazama kwa chuki, kweli ilikuwa chuki, na akaniambia nisirudie tena. Sikurudia.

Tangu siku ile alikula. Si kama zamani, lakini alikula, na kila asubuhi alipanda kilima nyuma ya boma na kushuka na mzigo wa kuni, askari wakimpigia saluti za dhihaka naye akiwajibu saluti. Shanga zilipanda, zikashuka. Aliacha kutueleza zinasemaje.

Kisha mume wangu alipata kazi kwenye reli tukahamia Korogwe. Nilizaa, nikazaa tena, na samli ambayo mama mkwe hakufaulu kunitia ikaja yenyewe. Miaka ikapita bila kumwona Mama Mpishi. Nilisikia amejaribu tena mara mbili, na mara mbili amerudi.

Asubuhi moja baada ya mavuno nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje na fimbo na furushi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hodi nimeshapiga mpaka nimechoka." Akanitazama juu mpaka chini. "Ha! Huyu ni nani kamla rafiki yangu?"

Tulicheka. Lakini nilipomkaribisha ndani na kumwona vizuri moyo uliniuma. Alikuwa amezeeka, na mwili ulikuwa umerudi, si wote, lakini sehemu kubwa. Sikujua kuficha uso wangu.

"Sema tu," akasema.

"Mama, mwili umerudi."

"Umerudi. Umekwenda ukarudi zaidi ya nilivyokwenda mimi Korogwe. Wacha urudi. Mimi sirudi." Akanywa maji. "Nakwenda kwa mwanangu. Unanisindikiza au una wageni?"

Nilimsindikiza. Tulilala Kerenge kwa watu, na asubuhi tukaanza mlima. Nilidhani nitakuwa nikimvuta. Kijitoni nilikuwa nahema. Kwenye jiwe la wachukuzi nilitaka kukaa, akanikataza, akasema magoti yakikaa husahau yalikokuwa yanakwenda. Yeye alipanda polepole sana, fimbo, mguu, fimbo, mguu, bila kuongeza wala kupunguza, jasho likimtiririka mpaka kaniki imeshikana na mgongo. Watu waliokuwa wanashuka sokoni walitupisha wakatushangaa. Juu ya jiwe njia ilikuwa ngeni kwake, hakuwahi kuifikia, na aliposimama aliniuliza kama naona moshi wa nyumba. Nikasema sioni. Akaendelea. Mara ya tatu kuniuliza niliuona.

Binti yake alikuwa uani anapepeta maharage, na watoto wanne nisiowajua wamemzunguka. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeanza mvi. Aliinua macho akamwona mama yake kwenye mwanzo wa migomba, ameegemea fimbo, hawezi hata kutoa salamu kwa kukosa pumzi. Hakuinuka. Mikono yake ilibaki kwenye ungo.

"Umechelewa, mama."

Mama Mpishi alingoja mpaka pumzi ikamrudia. Hakuharakishwa na mtu.

"Kuchelewa nimechelewa," akasema. "Kufika nimefika."

Watoto walitazama huku na huku. Binti akauweka ungo chini, maharage mengine yakamwagika, hakuyaokota. Akaja akamshika mama yake mkono, wakapita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kulikokuwa na kaburi dogo lililozungushiwa mawe. Mimi nilibaki uani nikihema, na sikuwafuata.